Milimita 13 Chini ya Pikapu

Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikapu, kidole gumba kikipapasa ukingo wa ndani wa tairi la kulia, pale ambapo kashata zilikuwa zimelika hadi kubaki kipara, na bila kuinua kichwa akaniuliza: "Mzee, turudishe saizi ya gari au tupandishe kidogo?"

Tulikuwa Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, malori yakipita nyuma yetu kuelekea Mafinga. Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jibu. Nikamwambia nitampigia simu.

Wiki zikapita bila simu hiyo kupigwa. Kila nilipoegesha nilijikuta nikiyatazama matairi ya pikapu za wenzangu kabla ya kuwasalimu wenyewe, na mke wangu akaanza kuniuliza kama kuna kitu nimekidondosha chini ya gari. Bei nilikuwa naijua. Kilichonisumbua ni kwamba sikuweza kueleza, hata kwa nafsi yangu, tairi kubwa ningelinunua lije kufanya kazi gani.

## Tupandishe ili iweje

Pikapu yenyewe ni Hilux ya dabo kebini, ya kizazi kilichoanza mwaka 2015, na haijaongezwa wala kupunguzwa chochote tangu ilipotoka kiwandani. Kazi zake zinajulikana. Hupandisha mbolea na mbegu shambani Kilolo, huteremsha viazi, na nyanya za Ilula zikiwa na bei nzuri hubeba matenga kuyapeleka Morogoro.

Ukiwauliza watu kwa nini walipandisha saizi, wengi hutaja matope na makorongo, kisha wakizoeana nawe zaidi hukiri kwamba gari lilikuwa linaonekana dogo. Sioni aibu katika sababu hiyo ya pili. Pikapu iliyojaza vizuri nafasi ya tairi chini ya bodi inapendeza, na mwenye pikapu anayesema hajali mwonekano wake ningependa kumwona akilipita dirisha la kioo bila kugeuza shingo. Lakini mwonekano unanunuliwa mara moja, ilhali gharama zake zinalipwa kila siku gari linapowashwa, na mimi nilitaka kuzijua gharama hizo kabla ya kutoa fedha.

Nikaanza na hesabu.

## Namba za ubavuni

Matairi yaliyokuja na gari ni 265/65R17. Upana ni milimita 265, urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17, ambazo ni milimita 431.8. Ukijumlisha ubavu wa juu na wa chini pamoja na rimu unapata kipenyo cha milimita 776 na ushee.

Hatua moja juu ni 265/70R17: upana ule ule, rimu ile ile, ubavu mrefu zaidi. Kipenyo chake ni milimita 803 kasoro kidogo. Hatua ambayo vijana wengi huiruka wakaifikia moja kwa moja ni 285/70R17, yenye kipenyo cha takribani milimita 831.

Kwa hiyo tofauti ya hatua ya kwanza ni milimita 26.5, na nilipoiona nilifurahi, mpaka nilipokumbuka kwamba gari hukaa juu ya nusu ya tairi. Nusu nyingine iko juu ya ekseli na haiinui chochote.

Milimita 13.

Haifiki hata unene wa kidole gumba cha yule fundi. Hiyo ndiyo tofauti ambayo ningeilipia, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba suala limekwisha, kwamba ningerudisha saizi ya gari na kuendelea na maisha.

Kilichonirudisha nyuma ni barabara ya shamba lenyewe. Mvua zikikolea, Fuso za mbao na viazi huchimba mifereji miwili mirefu, na katikati yake hubaki mgongo wa udongo mwekundu ambao jua la siku mbili huufanya kuwa tofali. Pikapu haikwami pale kwa sababu tairi linateleza. Inakwama kwa sababu difu ya nyuma, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, limekalia mgongo huo na kuanza kuulima. Nimeshalala chali chini ya gari pale, na koleo, nikiuparua udongo kutoka kwenye difu, na najua kwamba kati ya kupita na kutopita pana nafasi ndogo sana.

Hapa ndipo hesabu ilipogeuka. Watu hudhani wanaweza kulipata pengo hilo kwa kuinua gari kwa springi na shokapu ndefu. Hawalipati. Springi zikirefushwa huinuka bodi, chasisi, bampa na ngazi za pembeni, lakini ekseli ya nyuma ni kipande kimoja kinachounganisha tairi na tairi, na difu iliyo katikati yake hubaki pale pale ilipokuwa. Kitu pekee kinachoiinua difu kutoka ardhini ni tairi lenye kipenyo kikubwa. Milimita 13 nilizokuwa nimezidharau zilikuwa ndizo hasa milimita ambazo hazipatikani kwa njia nyingine.

## Usukani ukikatwa hadi mwisho

Kama ni hivyo, kwa nini nisichukue 285 na kupata milimita 27?

Mpwa wangu alikuwa amezifunga kwenye pikapu ya aina ile ile, nayo haijainuliwa. Nilimwomba aje nayo nyumbani, tukaliegesha gurudumu moja la nyuma juu ya jiwe ili gari lijipinde kama linavyojipinda kwenye korongo, kisha nikamwambia akate usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, akienda mbele polepole halafu kinyumenyume.

"Mjomba, usijali," aliniambia, "inagusa kidogo tu."

Nilichungulia kwa tochi. Plastiki inayofunika ndani ya madigadi ya mbele ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa, kona ya chini ya bampa ilikuwa na alama nyeusi ya mpira, na lile jani la kuzuia tope nyuma ya gurudumu lilikuwa limekatwa upande mmoja kwa kisu, bila ustadi. Aliyemuuzia alikuwa amemwambia kwamba tairi litajitengenezea nafasi lenyewe. Ni kweli kwamba plastiki ikishaisha haisuguliki tena. Inayofuata ni chuma cha bodi, na chuma hicho nacho hakikosi kulijibu tairi.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni spesa, yaani kipande cha chuma kinachofungwa kati ya kitovu na rimu ili kulisogeza gurudumu nje. Spesa husaidia tairi lisiguse kwa upande wa ndani, lakini gurudumu lililosogezwa nje huchora upinde mpana zaidi usukani unapokatwa, kwa hiyo linaweza kuacha kusugua chasisi likaanza kusugua bampa. Zaidi ya hapo, uzito wa gari sasa unaning'inia mbali zaidi na beringi, na gari linalobeba mzigo karibu kila safari halihitaji kuongezewa deni hilo.

Kwa gari ambalo halijaguswa, na ambalo sikusudii kuligusa, 285 niliiondoa kwenye orodha siku hiyo.

## Kuteremka Kitonga

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni gia.

Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko wa ekseli hulipeleka gari mbali zaidi, na athari yake ni sawa na kurefusha gia zote kwa pamoja. Kwa 265/70 ongezeko ni asilimia 3.4. Kwa 285/70 ni asilimia 7. Kila mtu huzungumzia kupanda: kwamba gari litakuwa zito, kwamba pale ulipokuwa ukipita na gia ya tatu utarudi ya pili. Hilo ni kweli, na kwa dizeli yenye nguvu asilimia 3 huisikii, lakini asilimia 7 ukiwa na mzigo na lori mbele yako utaisikia.

Mimi sipandi mlima wa Kitonga na mzigo mzito. Ninateremka nao.

Nyanya zinatoka Ilula, juu, na Morogoro iko chini, hivyo gari huwa limejaa wakati linapoingia kwenye zile kona za Kitonga, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine, na magari mabovu yameegeshwa pale pale ambapo hungetaka yawepo. Dereva yeyote anayeiheshimu Kitonga huiacha injini ishikilie gari na kuzihifadhi breki kwa dharura. Gia iliyorefushwa hushikilia kwa nguvu ndogo zaidi, kwa asilimia ile ile iliyopungua katika kupanda. Na breki nazo hufanya kazi kubwa zaidi, kwa kuwa diski na ngoma ni zile zile za kiwandani ilhali ukingo wa tairi uko mbali zaidi na kitovu, na tairi lenyewe, hasa lile lenye ubavu mnene wa kuzuia miiba na mawe, huwa na uzito wa kilo kadhaa zaidi ya la awali.

Sikuwahi kusikia muuza matairi akilitaja hili. Nalo kwangu ndilo lililokuwa na uzito kuliko kelele, kuliko mafuta, kuliko bei. Nilijiuliza kama asilimia 3.4 inatosha kunifanya niache. Nilikumbuka kwamba gari lenyewe, likiwa na mzigo wake halali, hubeba karibu tani moja, na kwamba kupunguza magunia mawili hurudisha usalama mwingi kuliko saizi yoyote ya tairi inavyoweza kuuondoa. Kwa hatua moja, niliona ninaweza kuishi nalo. Kwa hatua mbili, hapana.

## Spidomita inayopunja

Spidomita huhesabu mizunguko. Haijui kwamba umebadilisha tairi.

Ukiwa na 265/70 na mshale ukasimama kwenye 50, unatembea kilomita 51.7 kwa saa ukilinganisha na matairi ya awali. Ukiwa na 285/70 unatembea 53.5. Spidomita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo kuliko kasi halisi, kwa hiyo hatua moja mara nyingi humezwa na ziada hiyo, na wengine hugundua kwamba spidomita yao sasa inasema kweli zaidi kuliko zamani. Njia ya kuhakikisha ni kulinganisha na simu yenye GPS kwenye barabara iliyonyooka, abiria akiwa ndiye anayesoma simu. Askari mwenye tochi ya kupimia mwendo hatakuuliza kipenyo.

Lililonifurahisha zaidi ni upande wa mafuta. Karibu kila aliyepandisha saizi atakuambia kwamba gari limeanza kula sana, na sehemu ya malalamiko hayo ni hesabu mbovu. Tuseme dashibodi imeandika kilomita 500 na umejaza lita 50: utasema gari linakwenda kilomita 10 kwa lita. Lakini kwa tairi la hatua moja juu umetembea kilomita 517, hivyo ni 10.3. Ulaji wa kweli unaweza kuongezeka, maana tairi zito lenye kashata nene hudai nguvu zaidi kuzungushwa, ila usiupime kwa dashibodi ambayo yenyewe inapunja safari. Hesabu hiyo hiyo inagusa kubadilisha oili: kilomita 5,000 za dashibodi ni 5,170 za barabara.

## La tano

Nilikuwa na mpango wa kununua manne na kuliacha la spea lilivyo, maana spea yangu haijawahi kugusa lami.

Mpango huo haukudumu. Fowili ya Hilux, yaani gia inayoyaendesha magurudumu yote manne, hufunga shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, bila difu ya katikati ya kuzisuluhisha, na ukiwa na tairi fupi upande mmoja ekseli mbili hutaka kutembea mwendo tofauti huku zimefungwa mnyororo mmoja. Kwenye tope tairi litateleza na kumaliza ugomvi huo. Kwenye mawe au ardhi kavu, ugomvi utamalizwa na kitu kilichomo ndani ya gia. Na pancha, kwa tabia yake, huja mahali ambapo unahitaji fowili. Kwa hiyo ukipandisha saizi, unanunua matano, na kabla ya kununua unalala chini ya gari na futi ya kupimia uone kama la tano litaingia kwenye kitanda chake chini ya bodi.

Kuna shaka moja ambayo bado ninayo. Saizi ya 265/65R17 inafungwa pia kwenye Prado na Fortuner nyingi, na kwa sababu hiyo tairi lake hulikosi hata Makambako siku ya Jumapili. Hiyo nyingine si adimu, lakini duka dogo laweza kukosa kuwa nayo. Kwa mtu anayesafiri mbali na mji kila wiki, jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya abaki na saizi ya gari, na nisingembishia.

## Upepo na kashata

Katikati ya hesabu hizi zote nilifanya jaribio ambalo halikunigharimu kitu. Siku moja ya mvua niliposhuka kutoka barabara kuu nilipunguza upepo wa matairi yale yale ya zamani hadi psi 20 hivi, nikatembea taratibu bila kukata kona kwa ghafla, na pikapu ikapanda mteremko wa utelezi ambao kwa kawaida huhitaji kusukumwa na vijana wa shambani. Tairi lenye upepo mdogo hurefusha unyayo wake ardhini. Gharama yake ni pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri, na uvumilivu wa kujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwa sababu tairi laini lenye mzigo na mwendo huchemka na kupasuka.

Kwa hiyo mshiko ni kazi ya upepo na kashata, wala sikuona sababu ya kuutafuta kwenye saizi. Kipenyo kinahusika na difu tu. Nilipozitenganisha kazi hizi mbili, uchaguzi ulianza kujipanga.

Upana nao niliutilia mashaka. Zile Land Cruiser za zamani, mkonga, zilizozunguka vijijini miaka nenda rudi, nyingi zilifungwa 7.50R16, tairi jembamba lenye kipenyo kinachokaribia milimita 800. Lilikata tope la juu likatafuta ardhi ngumu ya chini, na kwenye barabara zetu, ambazo nyingi zina changarawe iliyozikwa na utelezi, hiyo ilikuwa akili. Ndiyo maana kubaki na milimita 265 hakukuniumiza.

Kuhusu kashata, sikuchukua zile za matope zenye meno makubwa. Sehemu kubwa ya safari zangu ni lami, mara nyingi lami iliyolowa, na meno yale yana mpira mchache unaogusa barabara pale unapokanyaga breki. Nilichagua za kati, zile zinazouzwa kwa herufi AT.

Kisha kuna namba ndogo ambayo watu hawaisomi. Tairi la awali limeandikwa 112S: 112 maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 1,120, na S ni kasi isiyozidi kilomita 180 kwa saa. Saizi ya 265/70R17 hupatikana kwa aina mbili, ya kawaida ambayo mara nyingi huandikwa 115, yaani kilo 1,215, na ile inayotanguliwa na herufi LT, ambayo huandikwa 121, yaani kilo 1,450. Ya LT ina ubavu mgumu na mawe ya Kilolo yanaiheshimu, lakini hubeba uzito huo ikiwa imejazwa upepo mwingi tu. Ukiijaza kwa kipimo cha kile kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambacho kiliandikwa kwa ajili ya tairi la kawaida, itabeba pungufu ya lile ulilolitoa. Nilichukua ya kawaida.

Muuzaji mmoja alinionyesha seti ya bei nafuu, kashata nzima, rangi nyeusi inayometa. Niliinama nikatafuta zile tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka. Zilisomeka 2316. Mpira uliotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016 haurudishwi ujana kwa kupakwa rangi.

## Yaliyofungwa

Matano ya 265/70R17 yamefungwa, alaimenti imefanyika, na nati zimekazwa upya baada ya safari ya kwanza. Nimerudia lile jaribio la jiwe, mara hii gari likiwa na magunia nyuma, na usukani ukikatwa hadi mwisho hakuna kinachogusa. Kwenye lami sauti imeongezeka kidogo kuanzia kilomita 80 kwa saa. Difu bado inaugusa mgongo wa barabara pale Fuso zilipochimba sana, lakini sasa inaupangusa na kupita, na koleo liko nyuma ya kiti kama kawaida.

Mpwa wangu ametangaza kuuza zile 285. Amenipa bei ya kindugu, na nimemshauri amtafute mtu ambaye gari lake limeshainuliwa.